Pikapu Yangu Haitikisiki

Jumatatu, 12 Agosti

Nimetukanwa. Si mimi hasa, ni pikapu yangu, lakini ni yale yale.

Ilikuwa jana, kikao cha harusi, nyumbani kwa dada Hilda, hapa Songea. Binti yake Devota anaolewa Jumamosi kule Madaba. Baba yake alishafariki. Kwa hiyo mimi, Dastan, mjomba mtu, nilisimama mbele ya kamati nzima nikatangaza kwamba bibi harusi atapanda gari langu, kiti cha mbele, maua kwenye boneti, vyombo vyake vyote nyuma. Vigelegele! Nikaketi. Nikasimama tena, maana vigelegele vilikuwa havijaisha.

Ndipo Rupert akakohoa. Rupert ni baba mdogo wa Devota, mdogo wake marehemu. Ana duka la pembejeo na gari dogo jeupe lenye kiyoyozi. Akasema hana neno na mlamu wake, yaani mimi shemeji yake, ananipenda sana, ila juzi tulipokwenda Madaba kuonana na wakwe alipanda pikapu hiyo, na ilipofika kasi ya themanini ilitikisika hadi meno yake ya bandia yakashuka. Akaeleza na yalikoshukia. Kwenye mkate aliokuwa ameupakata.

Watu walicheka! Hata mama mtunza hazina, ambaye hajacheka tangu achaguliwe.

Nikajibu kwamba meno yakilegea alaumiwe mwenye meno. Mimi nimetembea. Nilikuwa turniboi wa malori hadi Lusaka, hadi Lubumbashi. Nimepanda magari yaliyotikisika mpaka namba zikadondoka, nikashuka kuziokota. Hili langu halitikisiki. Linachangamka.

Dada Hilda akaamua. Alhamisi, baada ya Misa ya Kupalizwa Bikira Maria, pikapu itajaribiwa. Ikitikisika, Devota anapanda kwa Rupert, na mimi nitabeba masufuria nyuma ya msafara. Nyuma! Mjomba! Na masufuria!

 Devota mwenyewe alinitazama tu.

Leo asubuhi nikatoka peke yangu, barabara ya Njombe, kuhakikisha. Arobaini, imetulia kama maji ya mtungini. Sitini, nikapiga mluzi. Themanini, mluzi ukaanza kutoka vipande vipande. Tisini, kioo cha pembeni kikawa kinaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, na mlango wa abiria ukasema mambo yake. Mia, ikapungua. Nikashusha mwendo, ikarudi pale pale themanini.

Dawa ya kwanza basi ilikuwa wazi: kuishi juu ya mia. Trafiki wa karibu na Mshangano hakukubaliana. Nilimweleza niko kwenye utafiti. Akasema utafiti wote wa hapa unaishia hamsini.

Inatikisika. Nimeandika humu tu.

Jumanne, 13 Agosti

Kwa fundi Sefu, Mfaranyaki. Sefu ni mtu wa Tunduru, mwembamba, mkali, anaelewana na magari kuliko na wenye magari. Nikamweleza kwamba nina rafiki yangu ana pikapu kama hii, ya umri huu huu, rangi hii hii, na inatikisika ikifika themanini. Akaniuliza funguo za huyo rafiki zimefikaje mfukoni mwangu.

Akatoa hukumu pale pale. Tairi za mbele hazina balansi. Hana shaka. Wallahi, akikosea anaacha ufundi. Akazifungua, akazizungusha, akagonga vipande vya risasi kwenye rimu, huku kimoja, kule kimoja, kama anayejaribu ngoma. Tukatoka naye hadi nje ya mji. Themanini. Inatikisika! Nikamtazama. Yeye akatazama shamba la watu dirishani. Nikamuuliza anaacha ufundi leo au anasubiri kesho. Akasema kiapo cha gereji hakiandikwi mbinguni.

Halafu akaja na jipya. Akataka kujua mtikisiko nausikia wapi, mikononi au makalioni. Eti ukiusikia mikononi, kwenye usukani, kosa liko mbele. Ukiusikia kwenye kiti, kosa liko nyuma. Nikamwambia makalio yangu yamesafiri nchi nne na yanasema ni mbele. Akasema makalio yangu yanasema uongo. Akaweka kiganja chini ya kiti, akafumba macho kama anayeombea mgonjwa, akasema ni nyuma, tena kushoto, anataka kulifungua tairi la nyuma kushoto alitazame upande wa ndani.

Hapo ndipo tulipokosana. Tairi zile za nyuma nilizichagua mimi mwenyewe, Tunduma, kwenye rundo la mitumba refu kuliko nyumba. Nilizipiga teke moja moja na kusikiliza. Muuzaji alinipa mkono akasema hajawahi kuona mteja mwenye jicho kama langu. Mtu wa namna hiyo hafunguliwi tairi! Nikamwambia Sefu atafute kosa mahali pengine. Akasema pengine hapana.

Nikaondoka kwa hasira kali, lakini chini ya themanini.

Jioni Walburga, mke wangu, akauliza fundi amesemaje. Nikamwambia amevutiwa sana na tairi za nyuma.

Jumatano, 14 Agosti

Akili kubwa! Naandika haraka isije ikanitoka.

Asubuhi Walburga alinituma debe la mahindi mashineni kwa Bakili. Nikasimama kwenye foleni na akina mama. Mashine ilikuwa inaunguruma hata huwezi kumsengenya mtu. Nikaweka mkono ukutani. Ukuta umetulia. Nikatazama chai ya Bakili pale dirishani. Haina hata kiwimbi. Nikajiuliza, mtambo ule unazunguka mara ngapi kwa gurudumu la pikapu likizunguka mara moja? Mara nyingi mno. Sasa mbona hautikisiki?

Nikamuuliza Bakili. Alifurahi kuulizwa. Watu humuuliza tu foleni inaishia kwa nani. Akanieleza kwamba ule mtambo siku ya kwanza uliruka chumba kizima kama beberu, akina mama wakatoka na unga kichwani, mpaka walipoufunga kwenye zege. Mtikisiko, akasema, ni wepesi wa kitu. Chepesi kinacheza. Kipe uzito, kinatulia. Akasema hata kaka yake alitulia hivyo hivyo, alipopata watoto pacha.

Fizikia! Kidato cha pili sikukimaliza, walimu walikuwa wamechoka, lakini elimu ikipita mbele yangu naikamata mkia. Pikapu yangu haina ugonjwa wowote. Ni nyepesi tu nyuma.

Zege halifai, kuna vyombo vya harusi. Mawe yatakwaruza bodi. Nikazunguka nyumba nikifikiri, na miguu ikasimama yenyewe mlangoni mwa stoo. Mle kuna magunia ya mahindi, mavuno yetu ya mwaka huu. Walburga kayashona mwenyewe kwa uzi wa bluu, ndiyo chakula chetu mpaka mavuno yajayo. Yeye alikuwa jumuiya, wanasali. Nikapakia sita. Mgongo umelia. Nikayafunika turubai.

Nimeyaazima tu. Mahindi hayapungui kwa kuendeshwa.

Alasiri nikajaribu. Themanini. Inatikisika kidogo mno. Karibu hakuna. Ukitazama mbele, ukaimba, ukakaza na meno, hakuna kabisa.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku yenyewe. Baada ya Misa watu walijaa kwa dada Hilda kama mnadani. Jirani mmoja alikuja na kiti chake.

Rupert alileta kipimo. Bakuli kubwa la kioo, kutoka nyumbani kwake. Akalijaza maji hadi ukingoni, akampakatisha Devota pale kiti cha mbele, akasoma sheria: twende hadi mbele ya Mshangano, tufike themanini, tukae hapo hapo themanini, turudi. Kanga ya Devota ikilowa nimeshindwa. Yeye na dada Hilda watafuata nyuma na gari jeupe, kuhakikisha kwamba themanini ni themanini. Akaniuliza turubai limefunika nini. Nikasema siri ya harusi, mlamu. Sikudanganya.

Tukatoka. Mimi macho barabarani kama rubani. Sikugeuka hata mara moja. Dereva wa bibi harusi hageuki. Sabini. Themanini. Nikaimba. Nikakaza meno, ambayo si rahisi ukiwa unaimba. Nikamsikia Devota anameza. Nikajua ni woga wa ndoa, wote wanapitia. Akameza tena. Akameza sana. Nikamtuliza, nikamwambia Madaba si mbali, kuna watu wazuri na baridi ya kulalia vizuri. Akasema, "Endesha tu, mjomba," kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Tuliporudi dada Hilda akakagua kanga. Kavu! Akaigeuza. Kavu! Akamkagua na Devota mwenyewe, kola hadi pindo. Kavu! Vigelegele, na yule jirani akasimama juu ya kiti chake. Rupert akachungulia bakuli, akakuta nusu. Akataka kujua maji mengine yamekwenda wapi. Nikamweleza taratibu, kama mwalimu, kwamba kitu kikienda kasi maji yake yanapanda mvuke, na ndiyo maana mito yenye haraka hukauka kiangazi. Akaligeuza bakuli lake, akatafuta tundu. 

Devota hakungoja kupongezwa. Alishuka akakimbia moja kwa moja chooni, akakaa huko. Msisimko.

Nimeshinda. Jumamosi Devota anapelekwa na mjomba wake, na mjomba anakuwa mbele.

Ijumaa, 16 Agosti

Siku ya kupakia. Kabati, kitanda, godoro, jiko la gesi, masufuria yaliyoingiana kama familia. Yote juu ya magunia. Pikapu imekaa chini nyuma kama bata anayeatamia. Napenda.

Sefu alipita na pikipiki, hakuitwa. Akainama, akapapasa tairi la nyuma kushoto kwa ndani, akasema lina uvimbe mkubwa kama ngumi ya mtoto, na kwamba nikiupandisha mzigo huo na binti wa watu juu yake najitafutia. Nikamkaribisha harusini.

Walburga aliuliza ufunguo wa stoo. Nikamwambia nimetega dawa ya panya, isifunguliwe mpaka Jumapili. Akanisifu. Akasema siku hizi nimekuwa mtu wa kufikiria nyumba. Sikuipenda ile sifa. Ufunguo nikauhamishia ndani ya soksi. 

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika Madaba, nyuma ya jiko la wakwe, na sahani ya pilau magotini. Nimejificha. Sababu inakuja.

Tulitoka Songea asubuhi, mimi mbele. Gauni la Devota lilijaza chumba kizima cha dereva, gia nilikuwa naitafuta kwa kupapasa. Nyuma yetu Rupert, amewabeba dada Hilda na Walburga. Nyuma yao wengine, honi mtindo mmoja. Watu wa kando ya barabara walipunga mikono. Nikawapungia, karibu nitoke barabarani.

Tulipopita Gumbiro njia ikanyooka. Nikaona si heshima bibi harusi kwenda kama anayewahishwa kliniki na mwenye baiskeli. Nikaongeza. Sabini. Themanini. Nikaanza kuimba. Pikapu nayo ikaanza kuimba. Tukaimba wote mpaka ikatoka kishindo, puu!, na nyuma kushoto kukakaa chini.

Niliishika. Hilo nisifiwe, kwa kuwa hakuna aliyesifu. Niliushika usukani kwa mikono miwili kama pembe za fahali, tukayumba, tukayumba, tukasimama kando kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Hata ua moja la boneti halikudondoka. 

Tairi la nyuma kushoto. Limechanuka kama ndizi iliyomenywa.

Rupert akaja mbio. Hakucheka, naandika haki yake. Akafungua mlango wa Devota, akasema, "Mwanangu, njoo kule kwangu. Misa haitusubiri." Dada Hilda akasema hivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi, akaniita na majina ambayo marehemu mama alishayaacha. Mimi nimesimama na spana. Nikaona ni kweli. Nikamwambia Devota aende, mimi nitafuata na masufuria. Nilimaanisha, hata mlango nikamshikia.

Hakushuka. Akasema toka ndani ya lile gauni kwamba hata Alhamisi pikapu ilitikisika. Tangu Mshangano kwenda, na Mshangano kurudi. Maji aliyanywa yeye, funda kwa funda, yasimwagike.

Ndipo Rupert, kwa sauti ndogo, "Mwanangu. Bakuli lile ndilo ninalolowekea meno."

Devota akasema alilihisi hilo, baba mdogo, na bado alikunywa.

Dada Hilda akamuuliza kwa nini mtu mwenye akili zake, msomi, anywe maji ya meno ili apande mkweche. Devota akasema wakati anasoma Peramiho, siku za kutembelewa, wenzake walikuwa wanajiwa na baba zao. Yeye aliyekuja ni mjomba. Kila mara. Hata ile mara pikapu ilipokufa njiani, mjomba akaja kwa miguu, jua la mchana, na keki aliyoikalia. Wakaila hivyo hivyo bapa. Kwa hiyo hawezi kuingia kanisani leo amemwacha barabarani. Tufunge tairi. Yeye anasubiri.

Nilikosa la kusema. Mimi! Iandikwe: mbele kidogo ya Gumbiro, na mashahidi wapo.

Basi, kazi. Tairi la spea lipo, jembamba kama la baiskeli, lakini lina upepo. Jeki ikazama kwenye udongo kwa ule uzito. Tukatafuta ubao, tukatoa mbao za kitanda cha Devota, tukaziweka chini. Mimi tumbo halipiti uvunguni. Rupert akaingia yeye, na suti yake, hata koti hakukumbuka kuvua. Akawa ananitukana toka chini, mlamu inua, mlamu pole pole, mlamu unataka kunizika na suti. Nikamwambia asife kabla sijamshinda vizuri. Akacheka huko huko chini, jeki ikacheza, akaacha kucheka.

Alipotoka, koti lilikuwa ramani ya udongo na grisi. Na yeye ndiye wa kumwingiza Devota kanisani, mahali pa marehemu. Nikavua koti langu nikampa. Lilimkaa kama turubai juu ya mti wa simu, mikono ikafika vidoleni. Mimi nikaingia kanisani na shati na mikanda ya suruali mabegani. Nilipendeza. Nilimwona mama mmoja akinitazama mara mbili.

Sasa ajabu. Kuanzia pale tulipobadilisha tairi hadi Madaba, pikapu ilikwenda laini kama mafuta. Themanini. Tisini. Kioo kimya. Mlango kimya. Devota akasinzia! Niliwaza sana sababu, nikaipata: magunia yameshakaa sawa.

Misa ikapita salama. Rupert alimtembeza Devota hadi mbele huku akipandisha mikono ya koti langu. Nililia kidogo, kama ilivyo kawaida yangu kwenye kwaya nzuri. Baada ya Misa, nyumbani kwa wakwe, vijana wakaanza kushusha vyombo. Kabati. Godoro. Masufuria. Kisha mama mmoja wa upande wa bwana harusi akachungulia chini ya turubai, akapiga kigelegele cha kupasua masikio. Mahindi! Mjomba amekuja na mahindi! Magunia! Wakaja wengine. Wakaja wazee kunishika mikono. Kuna mmoja akasema ameoza watoto tisa na hajawahi kupata mjomba wa namna hii. Wakaanza kuimba, jina langu limo. Magunia yanashuka moja moja, yanapita mbele yangu kwenda stoo ya watu.

Ningefanyaje? Ningewaeleza fizikia? Nikapanda kwenye bodi nikahutubia. Nilisema sisi wa Songea hatumpeleki mtoto mikono mitupu. Nilisema sita ni mwanzo tu, barabara ndiyo ilitubana.

Walburga alikuwa katikati ya akina mama. Akauona uzi wa bluu. Akanitazama. Akapiga kigelegele kirefu kuliko wote, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama, lakini macho hayakushiriki.

Ndiyo maana niko huku nyuma ya jiko. Pilau nzuri.

Jumapili, 18 Agosti

Tumerudi. Walburga alipanda na mimi. 

Pikapu tupu kabisa, ukiacha lile tairi lililopasuka. Hakuna gunia, hakuna hata sufuria. Nikafika tisini nikisubiri. Hakuna kitu. Laini! Mtu asiyefikiri angesema basi magunia hayakuwa dawa. Mimi nimeona mbali zaidi. Chuma kina kumbukumbu. Pikapu imeshafundishwa uzito, sasa inajua. Nikamweleza Walburga. Akatoa neno lake la kwanza tangu Madaba. Neno lenyewe ni nyamaza.

Nyumbani alifungua stoo, akahesabu magunia yaliyobaki. Nikajiandaa. Akasema tu kwamba Devota ni mtoto wake pia, na wale watu walifurahi, na mtu hafuati mahindi yaliyoshangiliwa. Ila pengo lile nitalijaza mimi, kwa jembe, shamba la bondeni, mvua zikianza, na yeye atakuja na kiti kunitazama. Kisha akasonga ugali wa muhogo. Nimeusifia kupita kiasi.

Jumanne, 20 Agosti

Sefu kaniita gereji. Jana alipita kwangu akalichukua lile tairi lililopasuka, akalikata kwa kisu, analionyesha kwa kila anayepita kama mganga na mchawi aliyenaswa. Akanionyesha nyaya za ndani zilivyokatika, na pale palipovimba. Akanieleza mara mbili. Tairi lenye uvimbe si duara tena. Kila likizunguka linagonga. Ukienda pole pole huhisi, ukifika themanini mapigo yanafuatana mpaka gari zima linacheza. Nyuma kushoto, kama alivyosema. Alikuwa na raha! Alisahau kabisa zile za mbele.

Nilimsikiliza kwa heshima. Halafu nikamuuliza swali moja. Kama ni tairi, mbona nilipopakia magunia ilipungua? Akasema uzito unaweza kuzima kidogo, lakini ndio huo huo uliolipasua, na hiyo haikuwa dawa, ilikuwa ni kumfunga mgonjwa kamba asitetemeke. Nikamwambia ahaa, kwa hiyo unakubali ilipungua. Akashika kichwa. Nimeshinda hoja.

Tairi langu nikalichukua. Sefu akasema nilifanye pipa la maua. Tairi la Tunduma! Lina kidonda kimoja tu, pengine pote zima, ukiacha na pale Sefu alipokata. Nikalipeleka kwa fundi pancha wa nyuma ya soko. Akaweka kiraka kikubwa ndani, akaweka tyubu, akashona nje kwa waya kama kandambili. Akasema hajawahi kuona mteja mwenye moyo kama wangu. Watu wa tairi wananielewa.

Alhamisi, 22 Agosti

Tairi limerudi mahali pake, nyuma kushoto. Spea imepumzika, imefanya kazi nzuri.

Nimetoka nayo asubuhi. Inatikisika kuanzia sitini. Nimefurahi. Zamani ilikuwa inanivizia hadi themanini, sasa inasema mapema. Sababu naijua: kumbukumbu imekwisha, inahitaji uzito mpya. Stoo haifikiki. Ufunguo uko shingoni kwa Walburga, kwenye rozari yake, na akilala anaushika.

Lakini mambo yamejipanga yenyewe. Kwaya yetu inakwenda kuimba Peramiho Jumapili na gari walilotegemea limeharibika. Nimejitolea. Bure kabisa, mimi sina choyo. Mwalimu wa kwaya, mama Dorine, akauliza kwa upole kama ni salama, maana amesikia habari za Gumbiro. Nikamwambia pikapu yangu haitikisiki, mradi ibebe watu sahihi. Nimempangia na nafasi.

Besi wote nyuma, kushoto, wasimame karibu karibu. Sauti ya kwanza ni wepesi mno, hao watanitikisia gari. Watapanda kwa Rupert.